Mjinga wa Pili

Jumamosi ya mwisho ya Machi. Wete bado imelala,
ila muuza mbatata na paka wake.
Nimebeba fimbo ya kukunja
aliyoniletea mama mdogo kutoka Maskati
akidhani ni mwanzi wa pazia,
na kijiko cha chai nilichokikata mkono,
nikakipiga msasa usiku kucha
hadi kikang'aa kama dagaa mwenye haraka.

Mama alitazama, akatikisa kichwa:
"Mwanamke hutanda kwa kanga,
akapata uduvi wake wa mchuzi, akarudi.
Wewe na ufito huo wenda kumchapa nani?"

Mto wetu haumo kwenye ramani.
Twauita Mto wa Bi Mize,
kwa sababu Bi Mize alitumbukia hapo na kapu la ndimu;
akatoka yeye, likatoka kapu,
ndimu zikaenda Tanga.

Shaame, fundi wa jenereta, kanitangulia.
Kakaa juu ya mzizi wa mkoko,
mshipi kauzungusha kwenye kopo la mafuta ya breki.
Hakunipa hata salamu.
"Msimu umekwisha," kasema.
"Wamebaki wajinga wawili:
kolekole mmoja, na wewe."

"Na wewe je?"

"Mie nimekimbia kelele za nyumbani."

Ni kweli, umekwisha.
Januari walijaa hapa mdomoni, vifua vipana,
wakiwangoja mikizi wanaotoka maji yakipwa,
na kila kibao cha mkia kilisikika hadi msikitini.
Sasa mvua mbili zimeshanyesha.
Maji ya juu ni chai ya maziwa, yamebeba majani na ndala moja;
ya chini tu ndiyo bado bahari.
Huko chini ndiko ninakotuma kijiko changu,
kizito, kipofu, mara ya kumi, mara ya thelathini.

Watoto waokota kome wanapita na ndoo.
"Mtalii!" wanapiga kelele. "Mtalii wa kwao!"
Shaame anacheka mpaka anakohoa.

Mie sicheki.
Mama yao hatupi mshipi ila sufuria ikiwa tupu.
Mie nina mshahara, mpiga chapa wa mahakama,
na sokoni samaki wamepangwa mafungu mafungu.
Nimefuata nini kwenye tope hili, magoti yakiniuma?
Sina jawabu.
Nina kijiko.

Kisha kijiko kikasimama.

Si kama kukwama. Kukwama kuna ukimya.
Hiki kilikuwa na mtu upande wa pili.
Fimbo ikainama kama inarukuu,
uzi ukalia, ukakata maji ya maziwa, ukaelekea mikokoni,
na Shaame, aliyekimbia kelele, akawa ndiye kelele:
"Mlegezee! Mkaze! Mlegezee, mama, utamkata!"

Hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi, twaambiwa.
Za kolekole sikuambiwa ni tijara ya nani.
Nilimwona mara moja, ubavu, sahani ya fedha
iliyoinuliwa kutoka kwenye masinia ya harusi,
jicho moja, halikuniomba kitu.
Halafu uzi ukawa uzi tu.

Nikauvuta. Kijiko kipo.
Ndoana imenyooka kama sindano ya mkeka.

Shaame akaishika, akaigeuza, akanirudishia kwa mikono miwili,
kama mtu anavyorudisha msahafu.
"Basi," kasema, "si mjinga yule."
Akafungua mkate wa ufuta, akaukata, akanipa nusu kubwa.
Tulikula tukitazama ndala ikizunguka mdomoni,
haijaamua kutoka.

Jumatatu, kesi ya shamba la karafuu,
ndugu wawili na mpaka usioonekana.
Nikatia mkono mtobani kutafuta pini,
ikanichoma.
Tone la damu likaanguka juu ya jina la mdai.

Hakimu akainua miwani: "Vipi, Bi Hidaya?"

Nikafuta.
"Msimu, mheshimiwa," nikasema. "Umekwisha."