Pumzi ya Lita Ishirini na Nne

Miaka kumi na mmoja kompresa ilikuwa mimi.
Nikishatoboa tundu la ulimi kwenye fremu ya mninga,
nachuchumaa, navimbisha mashavu,
napuliza vumbi kwa mdomo
kama anayebembeleza kuni mbichi.
Rangi nilipaka kwa brashi,
na nywele za brashi zikabaki kwenye rangi
hadi mteja wa Chikundi akauliza
kitanda chake kimeota ndevu lini.

Kule Ndanda, daktari alinisikiliza mgongoni
akauliza, "Wewe ni seremala?"
kabla sijataja kazi.

Somoe akashika hela ya korosho, malipo ya pili,
akaihesabu mara mbili juu ya mkeka.
Akatenga ya ada, ya salfa, ya mabati matatu,
iliyobaki akanisukumia:
"Laki tatu na nusu. Kanunue kifua kingine."

Dukani, Mkuti, mashine zimepangwa kwa kimo
kama wanafunzi mstarini.
Ya lita mia, nyekundu, mkanda mweusi, magurudumu ya toroli,
niliitazama kama picha ya harusi ya mtu mwingine.
"Hii unapaka basi zima," akasema Likanga, kijana wa duka.
Basi ninalo?
Ninacho chumba cha uani, waya mmoja kutoka sebuleni,
na balbu inayosinzia jirani akipiga pasi.
Ikiamka hiyo, mtaa unalala.

Nyuma iko ya mtumba, lita hamsini, bei ya kuongea.
Imepakwa upya, nami ni mtu wa rangi,
najua rangi mpya huitwa kufunika nini.
Nikapiga goti, nikafungua koki chini ya mtungi.
Ikakohoa.
Ikatema maji ya chai iliyolala,
kisha kutu, vipande vipande, kama ukoko wa sufuria.
Likanga akatazama dari.
Nikaifunga koki taratibu, kwa heshima.
Mgonjwa humtambua mgonjwa.

Ya tatu hainywi oili. Nyepesi, rahisi.
Lakini alipoiwasha,
mama wa mitumba ng'ambo ya barabara
aliziba masikio kwa soksi alizokuwa anauza.
Nyumbani nina kichanga, na ukuta ni mmoja.

Ikabaki fupi, ya oili, lita ishirini na nne,
tumbo la mbuzi aliyeshiba nusu.
Nikasoma kibandiko. Si ile namba nene ya hosipawa,
hiyo hujisifu;
ile nyembamba ya chini, lita ngapi kwa dakika,
isemayo kweli kwa sauti ndogo.
Akaiwasha. Geji ikapanda, sita, saba, nane.
Tak. Ikajizima.
Tukanyamaza wote wawili.
Dakika kumi kwa saa ya simu
na mshale haukutikisika.

"Tatu na ishirini."
"Tatu kamili, na mpira wa mita kumi."
"Utaniachisha kazi, fundi."
Tatu na kumi. Na mpira.

Sasa napaka ubao wa kichwani, upande mmoja tu,
hewa imeisha.
Nasubiri. Inanguruma, inajaza, tak.
Nageuza ubao.
Wenye haraka wananicheka, wanasema ningeongeza kidogo.
Kidogo kipi? Kilichokuwa cha ada?
Mimi naketi kwenye stuli, mikono magotini,
na ndani ya kusubiri huko
nimejikuta, kwa mara ya kwanza tangu nijue randa,
napumzika kazini bila kumwomba mtu.

Jambo moja tu linaniudhi:
ikishiba, inajua. Inajizima yenyewe.
Miaka kumi na mmoja mimi sikuwa na tak hiyo.

Jioni nafungua koki, namwaga maji yake.
Matone machache, bado maangavu.
Nasogea kando, nakohoa yangu,
narudi, nafunga.
Koki yangu mimi
sijui waliiweka wapi.