Una

Ukurasa wa nyuma wa daftari langu la hesabu
nimeandika: un, una, unos, unas,
kama ninayeandika dozi za zamu ya usiku.

Hospitali ya Mkoani, saa tisa, jenereta linakoroma.
Daktari Yanelis, aliyetoka Kuba na mashavu ya mtu wa Wambaa,
anagonga meza kwa kalamu: Una mesa.
Sina, nikamjibu.
Akacheka. Una si kumiliki, ni meza, yoyote tu, na ni mwanamke.
Hii? Yenye mguu uliofungwa bendeji?
Mwanamke. Na kitanda mwanamke,
lakini godoro, un colchón, mwanamume,
na amejilaza juu yake tangu tuletewe.
Tukacheka mpaka Bi Mize wa kitanda cha nne akatuguna.

Mie lugha yangu haikubebeshwa kijineno hicho.
Nikisema mlango, ni mlango: ule, wowote, wetu, wa jirani;
anisikiaye atajaza mwenyewe.
Kisha nikakumbuka tunavyosema, alikuja mtu mmoja,
wala hatuhesabu, wala hatuhofii kuwa walikuja wawili.
Tunamaanisha: humjui huyo, ngoja nikwambie.
Eso! akapiga kofi. Un hombre.
Kumbe tunacho, tumekivika nguo za namba.

Soy enfermera, akanisahihisha, bila una.
Kazi haitaki kibandiko.
Hapo mie na Kihispania tukapeana mkono:
mimi muuguzi, basi.

Akaniuliza, kwa mazoezi tu, kama nina watoto.
Tengo un hijo.
Nikanyamaza. Un ni mtoto fulani,
un ni mmoja kwa hesabu,
neno ni lile lile, halikuulizi wa pili alikwenda wapi.
Yanelis alifunua ukurasa mwingine
ingawa ule hatukuumaliza.

Alfajiri mama wa Kengeja akajifungua.
Una niña, akamwambia, kamfunua mtoto kidogo.
Mama alilielewa neno la kwanza tu.
Ninaye, akaitika, ninaye.

Siku ya saba wakampa jina, Zuhura,
na una ikamdondoka
pamoja na kitovu.

Mkataba ulipoisha Yanelis akapanda meli ya asubuhi,
viatu vyake vya zamu ameviacha chini ya meza.
Watu huniuliza nani kanifunza maneno yale.
Ingekuwa wepesi kusema, kulikuwa na daktari mmoja.

Sisemi hivyo.