Mguu Pande

Jumamosi, Nandutu akishafunika cherehani,
mimi hufagia kibanda chake hapa Namakwekwe.
Ujira wangu ni takataka:
pindo za gomesi, makombo ya kitenge,
utepe uliokosewa kipimo,
vifungo vilivyofiwa na wenzao.
Nyumbani nina kipande cha lubugo, chekundu kama njia ya Wanale,
na ubavu wa boksi la sabuni,
ambao ndio uti wa mgongo wa kila kadi.
Gundi napika mwenyewe, unga wa muhogo na maji,
nakoroga hadi kijiko kisimame.
Panya wa nyumba hii wanaijua ladha yake.

Na lipo kopo la siagi.
Ndani mna vikaratasi vimekunjwa kama dawa ya mganga.
Niliviandika siku za mvua
ili mikono ikikosa la kufanya ipate wa kuituma.
Chomoa kimoja, utii.
*Usitumie mkasi.*
*Rangi mbili tu, na moja uwe unaichukia.*
*Kwa anayekukopesha bila kununa.*
Hivyo ndivyo Wamimbi muuza mafuta ya taa alivyopata kadi;
akaibandika juu ya mizani,
na bado ananidai.

Juzi nikachomoa hiki:
*Andika kwa lugha ya baba yako.*

Nikakirudisha. Nikatikisa kopo. Kikaja kilekile,
au mkono ulikuwa unakijua.

Lugisu ni cha mama.
Ndani yake nilibembelezwa,
ndani yake nilifokewa nikiwa na haki ya kulia.
Baba alirudi kutoka kambini na Kiswahili
kama mtu anayerudi na sanduku la chuma.
Hamkuwa na *pole* humo, wala *mwanangu*.
Mlikuwa na *simama*, na *leta maji*, na *toka*.
Watoto sita tulipangwa kwa kimo mbele ya uji:
mguu sawa!
Majirani walisema hiyo ni lugha ya bunduki.
Mimi niliijua kama lugha ya buti likivuliwa
na nyumba nzima ikisubiri buti la pili.

Nikapekua mfuko.
Chini ya maua yote ya vitenge, khaki:
Nandutu alikuwa amefupisha suruali za askari wa benki.
Kipande cha viganja viwili.
Nilipokipiga pasi kilitoa jasho la mtu nisiyemjua,
lakini mgongo wangu ulinyooka wenyewe.

Nikakikunja kadi. Nikakishonea kifungo kimoja.
Sikubandika ua. Ua lingekuwa uongo.
Ndani nikajaribu vina na mizani:
*Baba yangu nakujia, salamu naziandika,*
*moyoni nimetulia*
nikafuta. Sikuwa nimetulia, na yeye angejua.

Umeme ulikuwa umekatika, mshumaa umebaki kidole,
nilipoandika neno ambalo nyumbani kwetu
halikuwahi kufuata lile la kwanza:

*Baba, mguu pande.*

Binamu yangu Wetaka akaipeleka Bubulo
pamoja na sukari na betri za redio.
Wiki ya kwanza nilijuta. Ya pili nilijifanya nimesahau.
Ya tatu Wetaka akarudi na furushi la malewa
na bahasha kuukuu ya daktari wa macho.
Nikamuuliza, alisema nini?
Akasema, mzee aliisoma amesimama,
kisha akakaa.

Ndani ya bahasha hamna salamu.
Mna kikaratasi, kimekunjwa mara nne,
herufi kubwa, zimesimama mstarini:

TENGENEZA NYINGINE. YA MAMA YAKO.
NITAMPELEKEA MWENYEWE.

Mama yuko chini ya migomba, nyuma ya jiko la zamani,
mwaka wa tisa huu.
Ni hatua arobaini kutoka kiti cha baba,
na Wetaka anasema njia hiyo imeota majani.

Nimekitia kikaratasi koponi. Nimekitoa.
Natafuta kitambaa cha zambarau,
kile cha mshipi wa gomesi
aliojifunga kwenye harusi za watu.
Nandutu anasema hana. Nimemwambia atafute tena.

Gundi inachemka.