Mchujo

Mimi huchuja chai kwa pumzi moja.
Sufuria huku, chupa kule, chujio katikati,
majani yakabaki juu, chai ikashuka,
na mwenye haraka ya kuwahi zamu kiwandani
akaondoka Makongeni na joto tumboni.
Chama kina wanaume wawili na mwanamke mmoja
wa kuchuja,
na huu mwezi wa kumi na moja hawajashuka.

Waliniambia Machi.
Machi ikafika, wakasema Pasaka ipite kwanza.
Pasaka ikapita, mvua zikaja,
ikawa barabara za mashinani hazipitiki
(lini ziliwahi kupitika?),
kisha mahakama, kisha rufaa,
kisha katibu akaugua siku daftari lilipotakiwa,
akapona kesho yake, runingani, akitafuna nyama.

Ukuta wa kibanda changu umebeba kampeni nzima.
Wa kwanza alibandikwa kwa uji wa ngano,
wa pili akabandikwa juu ya macho ya wa kwanza,
wa tatu alikuja usiku, kwa gundi ya kweli,
kisha wa kwanza akarudi na kofia mpya.
Mbao sizioni tena. Nikipigilia msumari wa kutundika vikombe
unazama kama kwenye godoro.

Hapo ndipo binti yangu Mutheu alipojifunzia kusoma.
Walipoanza, alitambua "ma" peke yake.
Aliipapasa kwa kidole: ma, ma, ma-ba,
jino la mbele likang'oka, jingine likachungulia,
leo anasema "mabadiliko" bila kumeza mate
halafu ananiuliza
kwa nini huyu baba hachoki kucheka.

Na simu. Saa kumi na moja alfajiri, mkono umo ndani ya unga:
"Mpendwa mwanachama."
Mume wangu hajaniita mpendwa tangu tuhamie hapa,
lakini hawa, wote watatu, kila alfajiri.
Nilijibu mara moja: Jamani, maji yalikatika tangu Jumanne.
Likaja jibu: Asante kwa kuendelea kutuamini.

Kura tulipiga, msidhani hatukupiga.
Jumamosi, uwanja wa shule, jua la utosi.
Nilisimama nyuma ya Oyugi wa mkokoteni,
mbele ya mama aliyebeba mtoto mwenye homa.
Saa tano yakaja masanduku. Saa saba karatasi. Saa tisa wino.
Jina langu halikuwamo;
la marehemu mama mkwe lilikuwamo,
kwa herufi kubwa, halina kosa hata moja.
Wakabishana, wakaniruhusu. Nikachagua. Sisemi nani.
Saa mbili usiku redio ikatangaza zoezi limefutwa.
Wino ulikuwa umeshatoka kidoleni
kabla sijamaliza kuosha sufuria.

Sasa ni kesho. Tunarudia.

Nilikuwa na mtu wangu, kweli nilikuwa naye,
nilimtetea hapa hapa mpaka mteja akamwaga kikombe.
Siku hizi nikimsikia redioni
nasikia kijiko kinakwangua kopo.
Kadi ya chama niliitia kwenye kopo la sukari, isipotee.
Sukari iliisha Alhamisi.
Kadi imebaki, inanata.

Nitakwenda. Msifurahi.
Nitakwenda na kigoda changu,
kalamu yangu, chupa yangu ya maji,
na wakisema wino haujafika
nitawapa masizi ya sufuria, ninayo ya kutosha kata nzima.

Ila wewe Muthengi, wakala wa yule wa kofia,
unayepita hapa kila jioni ukisema "bado kidogo tu, mama":
daftari langu mimi halijaahirishwa.
Chai kumi na tano, chapati sita,
na lile yai ulilosema utalilipa
mkishinda.