Doa la Upande wa Kushoto

Mimi simjui mchezaji kwa uso.
Namjua kwa uchafu wake.
Mshambuliaji hunichafulia magoti, kwa ajili ya kusherehekea;
kipa, viwiko;
na yule wa benchi huniletea bukta safi
aliyoikunja mwenyewe, kwa aibu.
Miaka kumi na tisa nafua jezi za timu hii,
makarai matatu, bomba moja nyuma ya uwanja, Jericho,
na matokeo huyasoma majini kabla hajaniambia mtu.

Huyu alikuja Julai,
Nairobi imejikunyata chini ya wingu lake la kijivu,
sisi tumevaa sweta juu ya sweta,
yeye yuko na fulana, anatokwa jasho,
anauliza baridi itaanza lini.
Hallsteinn, kutoka Aislandi.
Vijana walijaribu jina hilo mara mbili, wakachoka,
wakamwita Halisi.
Kwao, alisema, hakuna jina la ukoo:
mtu ni mwana wa babake, basi.
Nikamwambia hata mimi ni Nekoye wa Wangwe
na sijaona haja ya zaidi.

Beki wa kati. Miaka thelathini na minne.
Doa lake siku zote lilikuwa kushoto,
kutoka nyongani hadi soksini,
mstari mmoja mrefu wa tope.
Na kulia je, mbona pasafi hivi?
Akapandisha bukta, akanionyesha goti:
kovu limepinda kama zipu mbovu.
"Norwe," akasema. "Nilikuwa na ishirini na mbili.
Wiki moja kabla ya kuitwa timu ya taifa.
Tangu hapo naangukia upande mmoja."

Mengine alinipa vipande vipande,
yeye juu ya kreti ya soda, mimi nikisuuza:
kiwanja cha changarawe nyeusi, jiwe lililowahi kuwa moto;
giza saa tisa mchana,
mamake akiwasha taa za gari ili watoto wamalize mechi;
Uswidi miaka mitatu, miwili kati yake akiwa benchi;
Polandi, ambako klabu ilifilisika
akalipwa friji;
kisha nyumbani tena, kuuza rangi za nyumba mchana
na kucheza jioni.
Mabao katika maisha yake yote: manne.
Mawili alijifunga.

"Lakini beki," akasema, "hahesabiwi kwa lililotokea."
Nikakamua soksi. Hilo nalijua.
Nani aliwahi kuisifu jezi
kwa tope lisilokuwepo?

Mvua za Novemba zikaushukia uwanja, ukawa uji,
lile tope jeusi la kwetu
linaloshika kiatu kama mwenye nyumba tarehe tano.
Akaokota donge, akalinusa.
"Jeusi kama la kwetu," akasema,
"ila hili lina kitu kinaota ndani."

Mechi ya mwisho, sare ilitosha tusishuke daraja.
Mimi sikuona. Nilikuwa bombani.
Dakika ya themanini na nane, au hapo karibu,
nilisikia watu wakivuta pumzi
na wasiitoe.
Kisha filimbi, kisha vigoma.
Hakuna aliyenieleza vizuri:
winga alikuwa amepita, alikuwa peke yake na kipa,
halafu mpira haukuwepo.

Jioni bukta nambari tano ikanifikia.
Doa lilikuwa kulia.

Nikalitazama sana.
Kisha mikono ikafanya inachojua,
na maji yalikwisha kuwa meusi
alipokuja akichechemea, ameegemea ukuta,
kuniomba hiyo nisiifue.

Hatukusemezana.
Akaitoa karaini hivyo hivyo, akaikamua vibaya,
kama mwanamume asiyewahi kufua,
akaondoka nayo ikidondosha maji
hadi langoni, hadi Barabara ya Rabai.
Ndege yake ilikuwa usiku ule.

Tope lilibaki chini ya karai.
Sikulimwaga mpaka Jumatatu.