Makufuli Mawili

Tulipiga kura Aprili ishirini na sita,
kwa kuwa ni sikukuu na watu hawaendi kazini.
Masika yalikuwa yameimeza njia ya Buza;
waumini waliingia viatu mkononi,
suruali zimekunjwa kama waendao kupanda mpunga.
Mimi, katibu, niliandika kwa kalamu ya kuazima:
wanaotaka kujimega, mia moja na tisa.
Wanaotaka kubaki Jimboni, tisini na wanne.
Kura moja imeharibika.
Mtu alikuwa ameandika katikati ya karatasi: Sijui.

Kujimega. Ndilo neno lililotoka madhabahuni.
Nami nilizoea kwamba kumega ni kazi ya mkate,
na anayemega hula, au humlisha mwenziwe.

Mchungaji Ambakisye alisema hatuondoki, tunarudi;
lililopotea njia ni Jimbo,
Jimbo lenye magari matatu na sadaka zetu.
Mama Sekela, mpika chai, akauliza kutoka mlangoni,
birika mkononi:
si ndivyo tulivyosema tulipojitoa Temeke,
mwaka ule wa Elnino?
Maneno yaleyale. Mimi nilibeba benchi kichwani, mvua ileile.
Watu wakacheka, hata mchungaji alicheka.
Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichokiandika.

Viti viligawanyika bila shida:
hiki chenu, hiki chetu,
kilichovunjika mguu kiwe cha Mungu.
Kinanda kiliondoka na kwaya, waya wake ukabaki.
Tulikuja kukwama kwenye daftari la ubatizo.
Ukurasa huu ana mtoto wake anayeondoka,
na nyuma ya karatasi hiyohiyo
yumo mtoto wa anayebaki.
Haya, chana.

Wakaja wa Jimbo na kufuli lao jeusi.
Wa kwetu, au niseme wa kwao,
wakaleta jingine la njano, kubwa kidogo.
Ikaja difenda, ikaja karatasi ya mahakama,
likabaki kanisa lenye makufuli mawili
na ndani yake feni moja iliyosahaulika.
Tuliisikia kwa nje, wiki nzima,
ikiwapepea wasiokuwepo,
mpaka luku ilipokwisha.

Sasa Jumapili natoka nyumbani na Lusajo,
mume wangu, mzee wa kanisa lao jipya.
Tunafuata barabara moja mpaka kwenye transfoma.
Hapo ananirekebishia ukosi, kama zamani,
kisha yeye anashika kushoto, ukumbi wa Kwa Mtei,
ambako maputo ya harusi ya jana hupasuka katikati ya sala.
Mimi nakwenda kulia, chini ya turubai la Jimbo.
Watoto tumewaachia wachague.
Tumaini hachagui. Anabaki analala.

Usiku, taa imezimwa, ananiuliza:
Leo mmeimba namba ngapi?
Namwambia mia mbili na kumi na nne.
Ananyamaza.
Na sisi, anasema.

Nashindwa kumuuliza lile jingine.
Siku ile ya kura nilipokunjua karatasi ya mia mbili na nne
niliona ile J yenye mkia mrefu,
J ya barua zake za Tukuyu,
alipokuwa ananiposa na hajui kama nitakubali.
Yeye aliyesimama mbele na kipaza sauti,
aliyewaambia watu mia na tisa kwamba njia ni nyeupe.

Kura zilizohesabiwa tulizichoma nyuma ya choo.
Hiyo moja sikuichoma.
Imo ndani ya mto ninaolalia,
upande wake.