Daftari la Dakika

Jumatatu asubuhi, kabla hajavua viatu,
nimeshamwandika: Aminieli Lyatuu, jezi saba,
dakika tisini na nne, uwanja wa tope,
paja la kushoto limekaza kama kamba ya mbuzi.
Mechi ya tano ndani ya siku kumi na sita.

Mimi ni mchuaji tu. Kwenye picha ya timu
nipo pembeni, nimeshika ndoo,
nusu ya uso imekatwa.
Lakini mguu ule naujua kuliko mama yake.
Naujua unapodanganya.

"Huumwi?"
"Siumwi, dada Ndeshi."
Na nyama ya nyuma ya paja inaruka chini ya kidole changu
kama chura chini ya jani.

Mwenyekiti ana hesabu zake.
Akicheza Aminieli, Moshi nzima inapanga foleni getini;
asipocheza, watu wanabaki Majengo na mishikaki yao
wakisikiliza redioni.
"Mashine haipumzishwi wakati wa mavuno," anasema,
naye hana hata kitalu cha mchicha.

Kocha Shekilindi anakuna kidevu.
Kona, Aminieli. Faulo, Aminieli.
Kukimbia na mabeki watatu mgongoni, Aminieli.
Hata tukiongoza mabao matatu na mvua inanyesha,
bado mpira unamtafuta yeye
kama ng'ombe anayejua njia ya zizini.

Kwetu Kibosho maji ya mfongo yalikuwa na zamu.
Baba alilinda lango la udongo kwa jembe:
saa mbili kwa Kimaro, saa mbili kwa Massawe,
na aliyefungua usiku wa manane
alijulikana kulipokucha, migomba yake imeshiba,
ya jirani imeinama.
Walimchukia baba. Mfongo haukukauka.

Nikamwambia kocha: wiki hii ishirini tu,
zile za mwisho. Mazoezini baiskeli na barafu, basi.
Akakubali shingo upande.

Alhamisi nimeshuka Pasua kufuata barafu.
Nikasikia filimbi, watu wamekaa juu ya ukuta wa shule.
Ndondo.
Zawadi ng'ombe, amefungwa kwenye nguzo ya goli,
anatafuna wavu.
Na pale kushoto, winga wa timu ya gereji,
kofia imevutwa hadi kwenye nyusi.
Kofia!
Mguu nao ungevishwa nini?

Nikasimama na ndoo yangu,
barafu ikinidondokea kwenye kandambili,
nikahesabu.
Dakika arobaini na mbili kabla hajaniona.
Aliponiona, alianguka bila kuguswa na mtu.

Hakuomba nimfiche. Alisema tu
mishahara ya miezi miwili haijaingia,
mdogo wake karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada,
na wakishinda, fungu lake katika yule ng'ombe
ni paja.
Paja! Tukacheka wote wawili,
halafu mimi nikaacha.

Sikumwambia kocha. Mwenyekiti ndiyo kabisa.
Daftarini, kwenye mstari wa Alhamisi, niliandika
arobaini na mbili.
Penye uwanja nikaacha wazi.

Jumamosi mlima umejifunika,
jukwaa linaita jina lake tangu dakika ya kumi.
Tumefungwa moja.
Dakika ya sabini Shekilindi ananigeukia,
ubao wa mabadiliko tayari mkononi.
Natikisa kichwa. Natikisa tena dakika ya sabini na tano.
Mtu kanirushia chupa ya maji, ilikuwa na maji.
"Ulisema ishirini!" kocha ananifokea.
Nanyanyua mikono yote miwili, vidole vyote:
kumi.

Kule juu mwenyekiti anatukana ukoo wangu.
Kwenye benchi Aminieli anatazama chini.
Hapa uwanjani ni yeye peke yake anayejua
zile kumi nyingine zilinyweshwa shamba la nani.

Dakika ya themanini namgusa bega.
Anapiga goti, anaanza kufunga kamba za viatu
polepole,
kama mtu anayehesabu.